Maji Matatu ya Mama Zubeda

Vijana wa karakana,

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, mmoja wenu aliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi miaka yote hii, ili daftari likae kwenye droo ya juu pamoja na fyuzi. Nimekubali kwa sababu nina miaka sitini, mgongo wangu una sabini, na asubuhi sina la kufanya ila kumsumbua mke wangu kuhusu bawaba za milango. Vyeo nimeviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilinipa meza kubwa zaidi na spana chache zaidi. Nitaandika siku za mwanzo, mtu aliyenifundisha, na pampu moja. Mengine mnayajua, au mtayajua yakiwaharibikia mikononi.

Nilitoka chuo kikuu Kampala na shahada ya uhandisi wa mitambo na suti moja ya kahawia. Nilifika nyumbani Awindiri, pembeni mwa mji wa Arua, mwaka 1979, mwaka wa vita ambao hakuna mtu Arua aliyekuwa akitafuta mhandisi. Watu walitafuta baiskeli, chumvi, na njia ya kuvukia mpaka. Hatimaye na sisi tukavuka. Tulipita Vurra kwa miguu, mama yangu amejitwika unga, mimi nimejitwika vitabu vitatu vya mitambo, kila kimoja kizito kama tofali. Tulipofika Aru, upande wa Kongo, mama aliviangalia vile vitabu akaniuliza kama nimevibeba ili tuvipike.

Huko Aru ndiko nilikoanza kazi ya kweli, kwenye mashine ya kusaga ya Papa Anselmi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ya chini, na mashine yake ilisaga mihogo ya wakimbizi na wenyeji bila kubagua. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba injini yake inapoteza joto jingi kupitia bomba la moshi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akaniuliza, "Wewe ulisoma mashini, ao ulisoma kitabu ya mashini?" Akanipa sufuria ya mafuta ya taa na bolti arobaini nizioshe.

Niliosha bolti miezi miwili. Papa Anselmi alikuwa na sinia kuukuu la chai, na kila bolti aliyoifungua aliipanga juu yake kwa mpangilio ule ule iliyokuwa nao kwenye mashine, kana kwamba mashine imelala chali kwenye sinia zima. Nyinyi mnaocheka sinia langu pale karakana, sasa mnajua lilikotoka. Alinifundisha pia kugusa mtambo wa umeme kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu mkono ukipigwa na umeme hujikunja. Ukigusa kwa kiganja utakumbatia kifo chako, ukigusa kwa mgongo wa mkono utajirusha nyuma na kubaki na aibu tu. Aibu, alisema, inatibika. Mengi aliyonifundisha niliyashika. Moja sikulishika, nalo ndilo nitakalolieleza hapa: kabla ya kufungua chochote, Papa Anselmi alikuwa akikaa kwanza na yule mama aliyeleta mihogo na kumuuliza unga wa juzi ulitokaje. Mimi nilidhani anapenda maongezi.

Tulirudi Arua katikati ya miaka ya themanini. Nikaajiriwa na hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji. Jina lake naliacha, maana makosa nitakayoyasimulia ni yangu, si yake. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio, ovaroli mpya ya buluu, na jenereta kubwa iliyokuwa imetolewa msaada na watu wa mbali, ikiwa bado ndani ya sanduku. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuifunga badala ya ile ya zamani iliyokufa. Niliifunga kwa siku mbili. Taa zilipowaka wodini wagonjwa walipiga makofi, na muuguzi mmoja akaniita Injinia. Jina likanata. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeuvumbua umeme.

Sasa pampu. Hospitali ile ilijengwa kwenye mteremko, na aliyeichora aliiweka sehemu ya kufulia nguo chini ya wodi ya wanawake, nusu ndani ya ardhi, halafu akaliweka shimo la maji machafu juu, upande wa jikoni. Kwa kuwa maji hayajasoma michoro, hayakukubali kupanda. Ndiyo maana chini ya sakafu ya chumba kile kulichimbwa kisima kidogo cha saruji. Mabirika mawili ya kufulia yalimwaga humo, na pampu ya umeme ikayasukuma maji juu kupitia bomba refu. Watu wote walikiita chumba kile Chini. "Nguo ziko Chini." "Mwite yule wa Chini." Dirisha lake moja lilikuwa usawa wa barabara, na juu ya dirisha palikuwa na feni kubwa ya kutoa mvuke nje.

Mkuu wa Chini alikuwa Mama Zubeda. Alikuwa Mnubi wa Koboko. Babu yake alikuja na wanajeshi kutoka Sudan, baba yake alikuwa mwanajeshi, kaka yake naye mwanajeshi. Yeye alichagua kufua. Alikuwa amefua pale tangu kabla ya vita. Watu walipokimbia alifunga mlango wa Chini akaenda na ufunguo, akaishi nao uhamishoni miaka mitano umefungwa kwenye pindo la kanga. Aliporudi, ufunguo ulikuwapo, mlango haukuwapo. Walipotengeneza mlango mpya alidai kitasa kilingane na ufunguo wake, na fundi seremala akakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana naye.

Alinijia wiki ya pili. Hakusema pampu ni mbovu. Alisema, "Injinia, zamani nakamua shuka mbili, birika imeisha. Sasa nakamua nane, maji bado iko." Kisha, akiwa tayari amegeuka kuondoka, akaongeza kwamba na ile feni siku hizi inamwagia vumbi la barabara juu ya nguo safi. Nilitoa daftari langu jipya nikaandika: *Pampu – haraka. Feni – baadaye.* Nilimwonyesha ili ajue kwamba mambo yana utaratibu. Hakujua kusoma, lakini alitikisa kichwa kwa heshima ya wino.

Pampu inayotoa maji polepole ina mambo machache ya kutazamwa, na ninayaandika kwa faida yenu. Kwanza, chujio la mdomoni mwake, ambalo hukamata nyuzi na manyoya ya nguo. Nilitoa manyoya ya kutosha kujaza mto. Pili, gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu, ambalo huweza kulika au kukwamishwa na kifungo cha shati. Lilikuwa zima, na nilikuta vifungo vinne, sarafu moja ya Kongo na jino la kitana. Tatu, ile vali ya mlango inayozuia maji ya bombani yasirudi kisimani, ambayo Papa Anselmi aliiita klapeti. Ilifunguka na kufunga kama kope. Nne, bomba lenyewe. Miaka ile sabuni ya dukani ilikuwa adimu, na Chini walifulia sabuni ya kienyeji ya mafuta ya mawese kutoka Kongo. Sabuni ile ikipoa huganda bombani kama mafuta ya supu. Nililikwangua bomba lote kwa mwanzi uliopasuliwa ncha. Siku tatu zilipita. Niliijaza birika hadi alama, nikavuta kizibo, nikaangalia saa yangu. Dakika kumi na moja. Siku ya kwanza zilikuwa kumi na mbili.

Mabirika yale, kila mtu alisema, zamani yaliisha kwa dakika nne.

Msomi aliyeshindwa na mashine huhamia kwa watu. Niliketi kwenye ngazi na daftari langu nikaanza kuwatazama wafuaji, na ndipo nikayaona maji matatu. Mama Zubeda alikuwa hakubali kitambaa chenye damu kitoke kwenye maji ya sabuni na kusuuzwa mara moja. Kilisuuzwa maji ya kwanza, birika likamwagwa. Maji ya pili, likamwagwa. Maji ya tatu hayakuwa ya kuloweka: kitambaa kilishikwa juu, na maji yakamiminwa kwa jagi yapite juu yake yakienda zake, hadi yatoke meupe kama yalivyoingia. Kabla ya hapo, kwake, kitambaa kile kilikuwa najisi, hata kama macho hayaoni kitu. Wafuaji wenzake wawili walikuwa Wakristo, nao walifanya vivyo hivyo bila kuulizwa, kama watu wanavyofuata mapishi ya mwenye jiko.

Nilipiga hesabu. Maji mara tatu, kwa idadi ya mashuka, kwa siku. Hesabu ilikuwa nzuri sana. Niliiandika kwenye ripoti ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, nikasema kwamba mtambo hauna hitilafu bali unazidiwa, kwa kuwa mfuaji mkuu anatumia maji mara tatu ya yanayohitajika. Nikapendekeza asuuze mara moja. Sikujiuliza swali ambalo mama yangu, ambaye hakusoma hata darasa la pili, angeniuliza kabla sijamaliza kuketi: kama alisuuza mara tatu hata zamani, mbona zamani birika liliisha?

Katibu wa hospitali alikuwa mwalimu mstaafu, mtu nadhifu aliyependa barua. Aliipenda ripoti yangu. Desturi ya pale ilikuwa matangazo yote kusomwa kanisani baada ya sala ya asubuhi, wafanyakazi wote wakiwa wamekaa. Waislamu walingoja kwenye baraza, karibu na madirisha, wakasikia matangazo kisha wote wakaenda kazini. Asubuhi ile Katibu alimshukuru Injinia kwa kugundua kinachoua pampu ya Chini. Akamtaja Mama Zubeda kwa jina. Akasema kuanzia leo ni maji mamoja, na asiyeweza kufuata aseme mapema. Niliona pindo la kanga likisogea nje ya dirisha. Nilitazama viatu vyangu, vilivyokuwa vipya.

Alinikuta kwenye ngazi za Chini. Hakuwa amekasirika, ningependelea angekasirika.

"Injinia, wewe umesema mimi naua pampu?"

Nilimwambia sikusema kuua, nilisema kuzidiwa. Nilimwambia sabuni na moto wa pasi vinatosha kabisa kuua vijidudu.

"Mimi siulizi vijidudu," alisema. "Shuka inatoka kwa mama alizaa, inaenda kwa mama mwingine anaenda kuzaa. Iko na damu ya mwenzake ndani. Wewe unaweza kulala juu yake?"

Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mtoto nafasi ya kufikiri, kisha akashuka.

Alifanya kazi hadi Ijumaa, kwa maji matatu. Ijumaa mchana alimwambia Katibu kwamba hawezi, akafungua pindo la kanga, akampa ufunguo Ayikoru, mdogo wa wafuaji wale wawili, akaondoka kwenda kwa kaka yake huko Kuluba, Koboko. Hakuaga kwa kelele. Aliyekaa pale miaka mingi kuliko sisi sote alitoka na ndoo moja.

Jumatatu nilishuka Chini na saa yangu ili nipime mafanikio. Wafuaji walisuuza maji mamoja, kama ilivyoamriwa. Nilijaza birika hadi alama nikavuta kizibo. Dakika kumi na moja. Nilipima tena. Kumi na moja. Bila shaka: birika moja ni birika moja, hata ukilimwaga mara moja kwa mwaka. Hilo nililigundua nikiwa na shahada, nimesimama kwenye maji ya sabuni hadi kwenye vifundo vya miguu.

Ayikoru alikuwa amefunga leso yake mbele ya feni, kwa kamba, kama pazia. Leso ilikuwa imevimba kuelekea ndani, imejaa vumbi jekundu. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nazuia udongo. Hii feni inavuta barabara inaleta kwa nguo."

Nilimwambia feni ile ni ya kutoa hewa nje, si ya kuingiza.

"Ilikuwa inatoa," alisema Ayikoru. "Tangu ulete injini yako, inaingiza. Si Mama alikuambia?"

Wenye kazi hii wameshaelewa. Kwa wengine nitaeleza. Mota kubwa kama ya ile pampu na ya ile feni hulishwa na nyaya tatu. Ukibadilisha mbili kati ya hizo, mota huzunguka kinyumenyume. Taa haijali, pasi haijali. Feni ikizunguka kinyume hupuliza ndani badala ya nje. Na pampu ya aina ile ikizunguka kinyume haigomi, na huo ndio ubaya wake: inaendelea kusukuma maji, lakini kwa unyonge, kama mtu anayelima kwa mpini. Nilipoifunga jenereta, siku ile ya makofi, niliunganisha nyaya mbili mahali pasipo pake. Kwa siku kumi nilikuwa nimeipima kila sehemu ya mtambo ule isipokuwa sehemu niliyoifunga mimi mwenyewe.

Nilikwangua rangi kwenye tumbo la pampu kwa kisu. Chini ya matabaka manne ya rangi ya kijani palikuwa na mshale uliochongwa chumani, unaoonyesha upande wa kuzunguka. Nyinyi, mkikabidhiwa mtambo uliopakwa rangi, ukwangueni kwanza. Wapaka rangi wa hospitali hawana huruma na mishale.

Nilizima jenereta, nikabadilisha nyaya mbili kwa bisibisi moja, nikaiwasha. Kazi ya muda wa nusu ya sigara, kama ningekuwa navuta. Chini, leso ya Ayikoru iliruka ikanata kwenye feni, na mvuke wa wiki tatu ukatoka nje barabarani. Birika liliisha kwa dakika nne. Wafuaji wale wawili hawakupiga makofi. Walilitazama birika tupu, kisha wakanitazama mimi, na yule mkubwa akarudi kukamua.

Nilikwenda kwa Katibu nikamweleza yote. Alicheka kwa upole. Akasema vizuri, pampu imepona, maji tunaokoa, tuache hivyo. Yule mama angechoka mwenyewe siku moja. Nikamwambia ameondoka kwa kosa langu. Akasema ripoti yangu imeshaingia kwenye faili, na barua hutolewa na barua; akanikumbusha, bila ukali, kwamba bado niko katika miezi ya majaribio, na kwamba waliotoa jenereta hawatafurahi kusikia kuwa ilifungwa vibaya. Usiku sikulala vizuri, lakini hiyo isiwe sifa. Watu wengi hulala vibaya na asubuhi hawafanyi kitu. Niliandika barua moja. Siku mbili baadaye gari la chanjo lilikuwa likienda Koboko, nikaomba nafasi kati ya masanduku ya barafu.

Nilimkuta Kuluba, nyuma ya nyumba ya kaka yake, anachambua karanga kwenye ungo. Hakushangaa. Alinikaribisha kwenye kiti, akaleta chai ya tangawizi na gurusa, zile chapati laini za Kinubi, akaniuliza habari za Ayikoru na mwenzake, na kama leso bado iko kwenye feni. Kaka yake, mwanajeshi wa zamani, alikuwa kando na redio yake, amegeuza uso ila si masikio. Nilieleza. Nyaya, feni, mshale. Nilieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijificha ndani ya maneno ya kitaalamu.

Alipoelewa aliweka ungo chini.

"Basi wewe ndio ulikosa."

"Mimi."

"Wamekufukuza?"

"Hapana, Mama."

"Wamekukemea pale kanisa?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethibitisha bei aliyoisikia sokoni. Nilitoa barua yangu haraka nikamfasiria. Ilisema imebainika kwamba wakati wa kufunga jenereta nyaya mbili zilibadilishana nafasi, na kwamba mfuaji mkuu hakuhusika.

"Zilibadilishana," alisema Mama Zubeda. "Zenyewe? Kama vijana kwa ngoma?"

Redio ilikohoa. Ilikuwa kaka yake.

"Pale Arua," akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "hata kwa duka ya sukari waliniuliza: Zubeda, ni kweli uliua pampu ya hospitali? Mimi mutu muzima. Nimefua nguo ya watoto yao wote. Hii karatasi yako, nani atasoma? Itaenda kwa faili inalala na ile ingine." Alichukua ungo tena. "Mahali ulinitaja, pale ndio utanitaja. Na utajitaja."

Niliuliza kama nikifanya hivyo atarudi. Akasema hilo ni jambo la kesho. Mimi nifanye la leo. Nikaandika barua upya pale pale, gotini, kwa Kiswahili, na kila sentensi niliyomsomea aliikubali au aliikataa kwa kidole. Ilitoka fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Katibu hakutaka. Alisema mhandisi haungami nyaya kanisani. Nilimwambia nitasoma, na akitaka kunitoa kabla ya miezi mitatu kwisha, nitasoma kwanza ndipo nitoke. Nasema hivi sasa kama shujaa. Siku ile niliyasema nikitazama ukuta. Alinyoosha kalamu zake mezani, na mwishowe akasema Alhamisi, baada ya tangazo la mbuzi wanaoingia bustanini.

Kwa hiyo Alhamisi, baada ya mbuzi, nilisimama mbele. Nilisoma: "Mimi ndiye niliyefunga jenereta. Nilikosea nyaya mbili. Pampu ya Chini ilizunguka kinyume kwa sababu yangu. Mama Zubeda aliniambia siku ya kwanza kwamba feni inarudisha hewa, sikumsikiliza. Nikamsingizia maji yake. Maji yake hayana kosa. Naomba radhi kwake, mbele yenu." Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, na nikacheka na mimi kidogo, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kushuka kutoka pale.

Nilipoinua macho, Mama Zubeda alikuwa mlangoni. Siyo barazani, karibu na dirisha, bali mlangoni kabisa, akiwa na ndoo yake mkononi. Sijui alikuja na gari gani, wala nani alimwambia siku. Nilipita katikati ya viti hadi mbele yake kizingitini, karatasi bado mkononi, na watu wote wakitazama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, marefu, yenye unyenyekevu wa kisomi.

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Umesoma muzuri," alisema. "Sasa toka kwa mulango, Injinia. Nguo iko inangoja."

Nikatoka mlangoni, naye akashuka Chini na ndoo yake, kwenye maji yake matatu.